Mshenga wa Miti Aliyeshindwa na Mama Yake

Nyasi ni nyeupe kwa sakitu asubuhi hii ya Jumamosi, na Nives Bortolin ameshaingiza mikono yote miwili kwenye lundo la unga wa mbao, anapapasa mizizi. Anavuta mche mmoja, anautikisa, anaukagua juu na chini, anaurudisha alipoutoa. Anavuta mwingine.

"Huu sawa," anasema. "Huu una miguu."

Mteja wake, dereva wa lori aitwaye Darryl Stook, amesimama pembeni akipuliza viganja. Ametoka Wangaratta kufuata mti mmoja wa lozi na mmoja wa hazelnati, zile njugu duara za ganda la kahawia zinazosagwa pamoja na chokoleti. Pesa iko mkononi. Nives hajamuuzia kitu.

"Jirani yako amepanda nini?" anamuuliza.

"Jirani yupi?"

"Wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Kwani unaishi porini?"

"Sijui wamepanda nini. Hatusemeshani sana."

"Basi nenda ukawasemeshe, halafu urudi."

Darryl anacheka. Nives hacheki. Yeyote aliyewahi kununua mche kwenye kitalu hiki, nje kidogo ya Myrtleford, analijua swali hilo, na wapo waliorudishwa nyumbani mara mbili mpaka walete jibu. Ndiyo maana watu wa bonde hili wanamwita mshenga. Wanaume wanamtania kwamba ameoza miti mingi kuliko padri alivyofungisha ndoa.

Sababu yake ni rahisi. Mti wa hazelnati haujizalishi wenyewe. Unatoa chavua, unatoa na vijiua vyekundu vidogo kama nyuzi, lakini chavua yake haishiki kwenye maua yake. Lazima upepo ulete ya mti wa aina nyingine, tena aina inayoelewana nao, tena wakati uleule maua yakiwa wazi. Miti mingi ya lozi nayo ndivyo ilivyo, tofauti ni kwamba yenyewe inategemea nyuki.

"Watu wanakuja hapa wanataka mti mmoja mzuri," anasema Nives. "Mmoja mzuri ni kuni. Ukipanda hazelnati ya aina ya Barcelona peke yake utapata kivuli. Mpe aina nyingine, Halls Giant, awe mwenzake, hapo utakula."

Kwa upande wa lozi, maswali ni mengine. Anataka kujua kama kiwanja kiko bondeni, ambako sakitu inalala mpaka saa nne, au mlimani. Lozi zinachanua baridi ikiwa haijaondoka, na usiku mmoja tu unaweza kumaliza maua yote. Anataka kujua pia kama kuna kasuku weupe.

"Wapo," anasema Darryl. "Wameshakula hata fremu ya dirisha langu."

"Basi achana na lozi ya aina ya Nonpareil. Ganda lake unalivunja kwa vidole, na kasuku ana vidole kukushinda wewe. Chukua ya ganda gumu. Utaumiza mikono kwenye kupasua, ila zitakuwa zako."

"Nami nina nafasi ndogo, mama. Siwezi kupanda miwili miwili."

"Kwa lozi ipo inayojitosheleza, nitakupa hiyo. Kwa hazelnati hakuna ujanja. Nenda kachungulie uani kwa jirani. Kama anao, wewe nunua mmoja tu, utakuwa umeokoa dola arobaini na tano. Kama hana, mwambie anunue yeye mmoja na wewe mmoja."

"Na akikataa?"

"Mpelekee bia."

Darryl anaondoka na mti mmoja wa lozi na kazi ya kufanya.

Nives ana miaka sitini na miwili. Alizaliwa kwenye tumbaku, kama nusu ya watu wa rika lake hapa, na tumbaku ilipokoma bondeni alikuja kitaluni kuomba kazi ya msimu mmoja. Hajaondoka. Kazi yenyewe ni ya miezi mitatu ya baridi, miti ikiwa imelala na mizizi inaweza kukaa nje bila udongo. Miezi mingine anapogoa mizabibu ya watu na kuchuma zabibu, na mgongo wake, anavyosema, unamkumbusha kila safu aliyopita.

Lakini muulize kuhusu mti uliomshinda, atafuta mikono kwenye aproni na kutazama pembeni.

"Ule wa Mama," anasema. "Kaa chini, maana ni hadithi ndefu, na Mama akisikia nimeisimulia mimi atasema nimeiharibu."

Mama yake ni Elide Bortolin, miaka tisini na mmoja, mzaliwa wa Veneto, mkoa wa kaskazini mwa nchi aliyoiacha ng'ambo ya bahari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Nyuma ya nyumba yake kuna mti wa hazelnati usio na jina. Aliupata kama chipukizi kutoka kwa mkulima aliyekufa zamani bila kusema ni aina gani. Kila mtoto wake alipooa au kuolewa, Elide alichimba chipukizi kwenye shina la mti huo, akalifunga kwa gunia na kulikabidhi siku ya harusi. Watoto wanne, miti minne. Kaka mkubwa wa Nives akaomba la pili, ili la kwanza lisikae pweke.

"Mti uleule mmoja!" Nives anacheka mpaka anashika kiuno. "Chipukizi ni mti uleule. Kaka yangu aliuoza mti kwa mti huohuo. Nikamwambia, akaniambia Mama ndiye anayejua."

Na Mama alikuwa na ushahidi. Wa kwake ulizaa. Kila Machi njugu zilianguka, Elide aliziokota kwenye aproni, akazikaanga, akazisaga na kuoka keki moja kubwa, nyeusi kidogo pembeni, ambayo ukoo mzima uliigombania. Nives alipoanza kazi kitaluni na kujifunza habari za wenza, alimwambia mama yake kwamba haiwezekani mti ule uzae peke yake.

"Mti wangu hauhitaji mume," Elide alimjibu. "Mimi mwenyewe ni mjane mwaka wa ngapi huu? Nimekauka?"

Nives alijua mume alipo. Alikuwa ng'ambo ya uzio wa nyuma, uani kwa Concetta Marrapodi, hazelnati moja iliyopinda, matawi yake yakigusa mabati. Ila jina la Concetta halikuwa likitajwa katika nyumba ile.

Ugomvi wenyewe ulitokana na polenta. Polenta ni ugali wa mahindi ya njano, na watu wa Veneto hawana mzaha nao. Concetta ni wa Calabria, kusini kabisa mwa nchi hiyohiyo. Kwenye karamu ya ubatizo, Nives akiwa msichana, Concetta alitazama sinia la polenta aliloleta Elide na kusema, watu wakisikia, kwamba kwao hicho ni chakula cha kuku.

Elide alibeba sinia lake akaenda nalo nyumbani. Tangu siku hiyo wawili hao waliamkiana kanisani kwa kidevu tu, zaidi ya miaka arobaini, huku nguo zao zikikauka kwenye kamba zilizotenganishwa na uzio mmoja.

Kisha Concetta akapata shida ya nyonga, akahamia Porepunkah kwa mwanawe Rocco. Nyumba ikauzwa. Wanunuzi walitaka banda la magari, na mti uliopinda ulikuwa katikati ya njia.

"Niliusikia msumeno nikiwa jikoni kwa Mama," anasema Nives. "Nikasema moyoni, basi, keki imekwisha."

Kweli ikaisha. Mwaka uliofuata zilianguka njugu chache, zote tupu. Uliofuata, hakuna hata ganda. Elide alilaumu kasuku. Akalaumu panya. Akalaumu mbolea aliyoleta Nives. Akaapa kwamba hataoka keki kwa njugu za dukani, na akishaapa huwa hageuki. Miaka mitano sasa sahani ya keki imekaa kabatini.

Nives hakukaa bure. Alileta mche wa aina nyingine akaupanda karibu na uzio. Alimweleza mama yake taratibu, kwa maneno ya kitaluni, bila kumtaja mtu. Elide alimsikiliza akichambua maharage. Baada ya wiki chache mche ukawa mweusi, na udongo wake ukawa na utando mweupe.

"Mama, umeumwagia nini huu?"

"Mimi? Maji tu."

"Maji gani?"

"Ya tambi. Sasa nimwage wapi, barabarani?"

Maji ya tambi, yaani yaliyotoka jikoni yakichemka, yenye chumvi ya kutosha kupikia familia. Elide hakuwahi kukiri kwamba alikusudia. Nives hakuwahi kuuliza tena.

Mwaka uliofuata alijaribu njia ya mkato, ambayo wazee wa bonde waliitumia zamani. Wakati wa baridi unakata matawi yenye mikia ya chavua, ile mirefu ya manjano inayoning'inia, unayatia kwenye ndoo ya maji na kuitundika ndani ya mti ulio peke yake. Upepo unafanya kazi iliyobaki. Alichukua matawi ya kitaluni, kila aina waliyokuwa nayo. Hakuna kilichoshika. Vijiua vyekundu vya mti wa Elide hufunguka Agosti, mikia ya miti mingine ikiwa imeshakauka, na hata Halls Giant, ambayo huchelewa kuliko yote pale kazini, haikufaa.

"Sijui kwa nini," anasema. "Miti nayo ina mambo yake ya ndani. Nilichojua ni kwamba mti mmoja tu ndio uliowahi kufaa, na ulikuwa umeshakuwa kuni."

Mei mwaka huu Elide aliugua mapafu. Alilazwa, akarudi nyumbani mwepesi kiasi kwamba Nives aliweza kumbeba kutoka garini. Usiku wa kwanza nyumbani alikataa supu. Alisema kitu kimoja tu, akitazama ukuta.

"Ningeionja ile keki mara moja tena, basi."

Mche mpya unahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa chavua ya maana. Mama yake hana miaka kadhaa, au labda anayo, nani ajuaye. Mshenga wa bonde zima alikuwa ameoza miti ya watu asiowajua majina, na wa mama yake umemshinda.

Jumapili moja alipanda gari akaenda Porepunkah.

Concetta ana miaka themanini na minane. Nives alimkuta kwenye kiti karibu na jiko la kuni, blanketi magotini, akimfokea mwanawe kwa sababu ya kahawa.

"Binti wa Elide," alisema, bila kuonyesha mshangao. "Mamako bado anakula chakula cha kuku?"

"Kila Jumapili, signora," alijibu Nives, yaani bibi, kwa lugha ya kwao.

"Hajafa nacho?"

"Nusura afe mwezi wa tano. Si kwa polenta lakini."

Concetta alimtuma Rocco akaongeze kuni, ingawa kuni zilikuwepo. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, Elide anaumwa nini, nani anamlaza, anakula nini. Nives alijibu yote. Halafu akasema kilichompeleka.

"Signora, ule mti wako uliokatwa. Kuna chipukizi lake popote?"

Rocco ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni na magogo mikononi. "Lipo nyuma. Mama alinilazimisha nilichimbe siku ya kuhama. Alisema bila hilo haingii garini."

Walitoka wote watatu, Concetta kwa fimbo. Mti ulikuwa umekua, umemzidi Rocco urefu, na mikia yake ilikuwa bado mifupi na migumu, ikingoja Agosti kama ule mwenzake wa Myrtleford.

"Mzuri kwa macho," alisema Concetta. "Mikia tele. Njugu, hata moja ya kumpa panya. Kule kwangu nilikuwa najaza magunia. Namwambia huyu, udongo wa Porepunkah ni wa kisirani."

"Si udongo, signora."

"Ni nini sasa?"

Nives aliwaza jinsi ya kusema, akaona hakuna njia ya kuzunguka. "Ni kwamba mama yangu hayupo nyuma ya uzio."

Concetta si mjinga, amelima maisha yake yote. Aligeukia mti, akashika mkia mmoja kwa vidole, akauachia. "Kwa hiyo miaka yote ile," alisema, "tumelishana, mimi na yule mwanamke."

"Miaka yote ile."

"Na yeye anajua?"

"Hataki kujua."

Nives aliomba ruhusa arudi Agosti akate matawi mawili. Concetta akakataa katakata. Rocco akaanza kumsihi, akanyamazishwa kwa fimbo.

"Tawi langu haliendi nyumbani kwa watu peke yake kama yatima," alisema. "Nitalipeleka mwenyewe. Na huyu achimbe chipukizi la kupanda. Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Elide. Nives alingoja mpaka mama yake amepata nguvu na ameshiba. Alitamka jina lile kwa mara ya kwanza jikoni mle tangu alipokuwa msichana. Elide alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Mti wake hauzai njugu?" aliuliza mwishowe.

"Hata moja."

"Hata moja!" Elide alionekana kufurahi kidogo, kisha furaha ikampotea usoni. "Anakaa na mtoto yupi? Rocco? Yule hajui hata kuchemsha yai. Maskini." Akamenya kiazi kingine. "Mwambie aje saa ya chakula. Lakini nitapika ninachotaka mimi."

Jumapili iliyopita, gari la Rocco likasimama mbele ya nyumba. Concetta alishuka na matawi kwapani, yamefungwa kwa shuka, mikia yake imerefuka na kuwa laini. Elide alikuwa mlangoni amevaa gauni la kanisani. Walipeana kidevu, kwa mazoea. Baadaye Elide akanyoosha mkono, akashika, si mkono wa mgeni, bali lile tawi.

"Jepesi," alisema.

"Na wewe ni mwepesi," alijibu Concetta. "Hawakulishi?"

Ndoo iliyotundikwa ni ile ya kubebea nyanya siku za kupika sosi. Nives alipanda ngazi na kuifunga katikati ya mti, vijiua vyekundu vikiwa wazi kila upande. Kulikuwa shwari. Watu wanne wakasimama kwenye nyasi zenye maji wakitazama ndoo. Kisha upepo mdogo ukashuka kutoka mlimani, mikia ikacheza, na vumbi la manjano likatoka, dogo tu, likapita matawini na kumwangukia Elide begani. Hakulipangusa.

"Mkatie na yeye la kwetu," alimwambia binti yake. "Kata refu. Asije kusema Wabortolin ni wabahili."

Mezani kulikuwa na polenta. Sinia zima, la njano, limekatwa kwa uzi kama inavyotakiwa, na sungura pembeni. Elide alimwekea mgeni wake kipande mwenyewe, akakaa, akamtazama. Rocco alitazama dari. Concetta alikula polepole mpaka akamaliza, akasogeza sahani mbele.

"Kuku wa kwenu wana bahati," alisema. "Niongeze."

Nives anasema alilazimika kwenda kusimama nje kidogo.

Hataki kujidanganya. Njugu hazitajulikana mpaka Machi, na katikati kuna sakitu, ukame na kasuku. Ila ameshapanga. Chipukizi la Concetta limepandwa palepale mche wa kwanza ulipofia. La Elide limekwenda Porepunkah. Na kuanzia sasa, mjukuu yeyote atakayeoa au kuolewa atapewa machipukizi mawili, moja la Bortolin na moja la Marrapodi, katika gunia moja.

"Nataka keki moja tu," anasema. "Moja, Mama akiwa mezani. Zitakazofuata ni faida."

Hata Darryl amerudi leo mchana, amenunua Barcelona yake. Jirani ana Halls Giant mzee nyuma ya banda la kuku, alikuwa hajui ni mti gani. Bia zilikwenda nne.

Kazi ikiisha, Nives anapitia kwa mama yake kabla ya kwenda kwake, kama kila siku. Leo anasimama ghafla kwenye kona ya nyumba. Elide ameinama karibu na uzio, sufuria kubwa ya maji ya tambi mikononi, anayamimina taratibu kwenye shina la chipukizi jipya.

"Mama! Mama, acha!"

Elide haachi. Anamimina mpaka tone la mwisho, ananyooka kwa shida, na kumnyooshea binti yake sufuria ili aguse mwenyewe.

"Yamepoa," anasema. "Na chumvi sikuweka. Tambi za leo mtakula hivyo hivyo."